Vikasha Vilivyosahau Kazi ya Sylvie

Goma, tarehe 19 ya mwezi wa saba

Kwa yaya wangu mupendwa Kahindo, mukubwa wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na wote mulio pamoja huko Butembo. Natumaini karatasi hii itakukuta umesimama vizuri kwa miguu yako, na kwamba lile goti lililokutesa wakati wa mvua limeanza kukuachia. Maharagi ya shamba la Musienene yametoka namna gani mwaka huu? Sisi huku tuko wazima. Vumbi ni lile lile, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zimepanda bei, na jirani yangu yule wa mulango wa bluu amejifungua mapacha, wasichana wawili.

Utashangaa kupokea barua, maana sote wawili tuna simu na juma lililopita tuliongea. Lakini kwenye simu wewe unasema haraka na mimi nakubali haraka, na jambo hili linataka nilifuate polepole bila kukatizwa. Kwa hiyo barua nimemupa mama Eugénie, yule muchuuzi wa viatu wa Birere, ambaye anakuja huko kwa kupitia Uganda. Njia ya Rutshuru haipitiki, kwa hiyo ikichelewa usimulaumu. Uisome kwanza ukiwa peke yako. Halafu umupe Sylvie aisome yote, bila kumurukisha hata mustari mumoja.

Ulinipa mutoto wako Sylvie mwezi wa tisa wa mwaka jana. Alikuwa na diploma yake mukononi, na ulisema akae mwaka mumoja kwa mama yake mudogo, ajifunze kazi kabla ya kuingia chuo cha informatike, masomo ya kompyuta. Nilimuomba Prefe wetu, mukubwa wa shule, bwana Ntirenganya, akakubali Sylvie anisaidie katika chumba cha ordinateri, zile kompyuta za wanafunzi. Siku ya kwanza nilimushonea nguo mupya ya liputa, nikamupeleka mwenyewe shuleni na kumutambulisha kwa kila mwalimu. Hilo nalisema ili ujue kwamba sikumupokea kwa moyo mubaya. Moyo mubaya ulikuja nyuma.

Nikueleze kwanza zile mashine, maana bila mashine hutaelewa lililotokea. Shule yetu ina ordinateri ishirini, lakini si ordinateri kamili kama ile ya shemeji. Ni vikasha vidogo, kila kimoja unene wa kitabu cha nyimbo cha parokia, kimefungwa nyuma ya ekra, kile kioo cha kusomea. Kikasha chenyewe hakitunzi kitu. Kazi yote inafanyika ndani ya ordinateri moja kubwa, serveri, iliyofungiwa katika chumba nyuma ya ofisi yangu ya sekretaria. Nsanzimana, fundi aliyevifunga miaka sita iliyopita, aliweka ulinzi ili wanafunzi wasiviharibu. Wageuze herufi za klavie, waweke picha za wachezaji, wafute hiki na kile, haidhuru: kikasha kikizimwa na kuwashwa, kinarudi kama kilivyokuwa. Ukitaka badiliko libaki, lazima uwe na ruhusa ya kuhifadhi. Asiye na ruhusa hiyo anaweza kupanga kutwa nzima na kubonyeza anavyotaka. Ekra inamuonyesha kwamba yote ni sawa, na kesho yake hakuna kitu.

Mutu mumoja tu shuleni alikuwa na ruhusa hiyo, na ndiye aliyeweza kuwapa wengine au kuwanyima. Mutu huyo ni mimi.

Yaya, huenda wewe unaona hilo ni jambo dogo. Wewe hukuwahi kuwa mutu wa nyuma. Papa alipouza kahawa mwaka ule, wewe ulikwenda kusoma kwa masista na mimi nikabaki kumuuguza bibi, miaka miwili. Niliporudi darasani nilikuwa mukubwa kuliko wenzangu wote, na waalimu hawakujua jina langu. Waliniita mudogo wa Kahindo. Nilipokuja Goma hakuna aliyekujua wewe. Nilijifunza kupiga mashine, nikapata kazi ya sekretaria, na Nsanzimana alipokuwa anafunga vikasha nilisimama nyuma yake siku zote na daftari langu, nikiandika. Alipoondoka aliniachia neno la siri mimi, si waalimu wenye digri zao. Miaka sita, kikasha kikigoma, mutu alipita uwanjani akiita: “Mama Micheline! Mama Micheline!” Nilijifanya nimechoka nao. Uongo. Kila mara nilisikia utamu.

Sasa mutoto wako akaja. Nilimufundisha kuwasha serveri, kufungua jina la mwanafunzi, kubadilisha neno la siri lililosahauliwa. Kitu nilichojifunza kwa mwezi yeye alikishika kwa juma. Alipanga klavie za waalimu wa Kifaransa ili alama zao zitoke bila taabu. Alimupa kila mwanafunzi sanduku lake mwenyewe la kazi, ambalo mwenzake hawezi kulifungua, jambo ambalo mimi nilikuwa nimesema haliwezekani. Naye hakuwa na majivuno, yaya. Laiti angekuwa nayo! Alikuwa anawaambia waalimu, “Mama mudogo njo alinionyesha.” Walitabasamu tu, maana walijua kwamba sikumuonyesha.

Siku moja mwalimu Mukabalisa, yule wa jeografia, alisimama mulangoni pangu. Niliinuka, nikachukua funguo. Akasema, “Hapana, mama, usijisumbue. Nilikuwa namutafuta Sylvie.” Hakusema kwa ubaya. Nilikaa tena, na funguo zangu zikabaki mukononi kama za mutu aliyefika kwenye nyumba isiyo yake.

Tangu hapo nilianza kuhesabu. Leo wamemuita mara tano, mimi mara mbili. Leo wamemuita mara saba, mimi hata moja. Nyumbani nilianza kuona makosa yake yote: anavyokausha vyombo, anavyovaa viatu vyangu vya plastiki bila kuuliza, anavyoimba akifua nguo. Hata kucheka kwake kulinichoma, kwa sababu anacheka kama wewe, kichwa nyuma.

Kisha wewe ulipiga simu Krismasi. Nilikueleza kwamba Prefe amemusifu mbele ya waalimu wote, na wewe ulicheka ukasema, “Akili hiyo ni ya kwangu, Micheline. Hata shemeji yako anakubali.” Nilicheka nawe. Halafu nilikaa mbele ya sufuria ya sombe hadi ikaungua, na nilipoulizwa na mutoto harufu ni ya nini, nilimukaripia.

Mwezi wa tatu Sylvie aliniomba ruhusa ya kuhifadhi. Alisema kwa heshima kwamba anachoka kunisumbua kila mara niingize neno la siri. Nikamuambia bado, hajakomaa. Hakubishana. Lakini Prefe alisikia, akaniita na kusema nimupe, kwa sababu mimi siwezi kuwa mahali pote. Nilirudi mbele ya serveri, nikafungua orodha ya watumiaji, nikaweka alama kwenye jina lake. Mutoto aliruka, akanikumbatia shingo. Alinuka sabuni na chaki.

Ilipofika mwezi wa ine, vikasha vikaanza kusahau kazi yake. Sylvie alipanga imprimanti, mashine ya kutoa karatasi, siku ya kwanza ya juma, siku ya pili asubuhi haikuwepo. Alirudisha klavie za Kifaransa, baada ya siku chache zikawa zimegeuka tena. Si kila siku. Zilipita siku nne au tano yote yakikaa sawa, akaanza kupumua, halafu asubuhi moja akakuta kazi yake ya jana imefutika. Alianza kufika shuleni kabla ya kengele ya kwanza ili arudie kazi waalimu wakiwa bado hawajafika. Aliandika hatua zote kwenye karatasi, moja hadi tisa, akaniletea nizisome. Nilizisoma, nikamuambia labda anasahau kubonyeza kuhifadhi. Akasema, “Nilibonyeza, mama mudogo. Nakumbuka kidole changu.” Nikamuambia, “Basi ni mashine inayosema uongo?”

Alikunja karatasi yake, akaitia mufukoni. Tangu siku ile hakuimba tena akifua nguo.

Waalimu nao wakaanza kusema kwamba mutoto ana mikono myepesi lakini hana uangalifu. Prefe alikuja mwenyewe kutazama serveri, akaona jina lake lina alama kama kawaida, kila kitu mahali pake. Akatikisa kichwa. Mwalimu Mukabalisa alirudi mulangoni pangu, na safari hii alikuwa ananitafuta mimi. Sylvie akakonda. Ulimuona kwenye picha ya Pasaka ukaniuliza kama anakula. Nilikujibu kwamba wasichana wa siku hizi wanataka kuwa wembamba.

Ikafika tarehe mbili ya mwezi huu, siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo. Unajua siku ile ilivyo. Wazazi wanakuja wamevaa, kila mumoja anataka kusikia jina la mutoto wake likisomwa na kushika buletini, karatasi yake ya pointi, kwa mukono. Waalimu walikuwa wameingiza pointi zote katika sanduku moja la pamoja ambalo Sylvie alilitengeneza, kila mwalimu na ruhusa ya somo lake tu. Siku iliyotangulia alijaribu mara tatu mbele ya Prefe, na mara tatu ilikubali. Asubuhi ile hakuna mwalimu hata mumoja aliyeweza kulifungua. Ekra iliandika kwamba hana ruhusa. Na vikasha havikuijua tena imprimanti.

Wazazi walikuwa wametoka Munigi, wengine Lac Vert kwa pikipiki za motari. Walisimama uwanjani juu ya mawe meusi, na hakuna kivuli pale. Saa tatu ikapita, saa ine, saa sita. Mama mumoja mwenye kichanga mugongoni alikuja dirishani kwangu akauliza kama watu wanakawishwa kwa sababu watoto wao wameanguka. Sylvie alikuwa anakimbia kutoka kikasha hadi kikasha, jasho limemulowesha, akisema peke yake, “Lakini nilihifadhi. Nilihifadhi.” Saa saba Prefe alikuja kwangu akasema, “Mama Micheline, tafadhali utusaidie.” Niliingia kwa jina langu. Katika dakika ishirini buletini ya kwanza ilitoka. Prefe alitangaza uwanjani kwamba mama wa sekretaria ameokoa siku, na wazazi walinipigia makofi. Nilisimama pale kwenye ngazi nikayapokea.

Halafu Prefe, mbele ya waalimu wote, alimuambia Sylvie aende nyumbani apumzike, na kwamba shuleni hakuna tena kazi yake.

Nilipofika nyumbani nilimukuta jikoni amekwisha kufunga mufuko wake. Alipiga magoti, yaya. Mutoto wako alipiga magoti juu ya sakafu yangu ya sima, akanishika miguu na kuniomba musamaha kwa kuwa ameniharibia jina. Alisema, “Wewe ulinifundisha muzuri. Kichwa changu njo hakikamate mambo.” Nilimuinua. Nilimupa chai. Nikamuambia si kitu, kila mutu na kipaji chake. Siku ya tatu akasafiri.

Juma lililopita ulinipigia simu. Ulisema umekwisha kuongea na shemeji, kwamba mambo ya informatike yamekwisha, mutoto atakaa dukani auze vitambaa kwa sababu yeye mwenyewe anasema kichwa chake hakifai. Kisha ulinishukuru. Ulisema, “Umejitahidi naye, mudogo wangu. Si kila mutoto anarithi.” Uliponiambia hivyo sauti yako ilikuwa ya mutu aliyelia. Nilitaka kusema nawe ukawa umekata.

Sasa nafika pale nilipokuwa nazunguka.

Sylvie hakusahau kitu. Hatua zake tisa zilikuwa sahihi zote, tangu ya kwanza. Ni mimi. Siku aliyokuwa anapanga jambo kubwa, nilikuwa nangoja awe amezama katika kazi, naingia katika chumba cha serveri, nafungua orodha, naondoa alama ya kuhifadhi mbele ya jina lake. Yeye anapanga, anabonyeza, ekra inamuambia sawa. Akitoka kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, naingia tena na kurudisha alama, ili hata Prefe akija kutazama akute kila kitu kiko safi. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Na siku iliyotangulia proklamasio, baada ya majaribio yake matatu, niliwaondolea waalimu wote, na Sylvie pamoja nao, ruhusa ya lile sanduku na nikafuta imprimanti. Nilijidanganya kwamba itakuwa fujo ya nusu saa. Lakini nusu saa ilipita, na masaa mane yakapita, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikiwatazama wale wazazi juani. Nilikuwa nangoja niitwe.

Sikuingiwa na shetani, wala sikulogwa, usitafute muchawi. Ni wivu. Nilimuonea wivu mutoto, na nyuma ya mutoto nilikuwa nakuonea wewe, tangu siku ile ulipopanda lori kwenda kwa masista na mimi nikabaki na beseni la bibi. Uliponishukuru kwenye simu ndipo nilipojua kwamba nimepata kile nilichokitaka miaka yote. Wewe na mutoto wako mulikuwa chini, na mimi juu.

Kesho yake nilikwenda kwa Prefe. Nilimueleza nikiwa nimesimama. Alidhani namukinga mupwa wangu, akakataa kuamini. Akamuita Nsanzimana, ambaye sasa anafanya kazi upande wa Katindo. Nsanzimana aliketi mbele ya serveri, akafungua mahali ambapo mimi sikuwahi kupajua, kwa sababu hilo hakunionyesha. Serveri inaandika kila anayeingia, alichogeuza, siku na saa. Jina langu lilikuwemo mara kumi na moja kwa ajili ya alama ya Sylvie, na mara ya kumi na mbili kwa ajili ya sanduku la waalimu. Nsanzimana alisoma kwa sauti, tarehe moja baada ya nyingine. Prefe hakunitazama. Alisema tu, “Mama, wale wazazi walisimama juani.” Afadhali angenitukana.

Ameniondolea ruhusa yote. Nimebaki sekretaria hadi mwezi wa kumi na mbili, wataona kama wananitaka. Siku ya tano ya juma nilisema haya mbele ya waalimu waliokuwa bado hawajaenda likizo. Mwalimu Mukabalisa alitoka kabla sijamaliza. Siku hizi imprimanti yangu mwenyewe ikigoma, najaza karatasi ya kuomba na nangoja Nsanzimana apate nafasi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Prefe yenye muhuri. Inasema kwamba kosa halikuwa la Sylvie hata kidogo, kwamba anaomba musamaha kwa maneno aliyomuambia mbele ya watu, na kwamba akitaka kurudi mwezi wa tisa, ruhusa ya serveri itakuwa ya kwake na si ya mutu mwingine. Asipotaka, barua ile ile itamusaidia kwenye chuo. Yaya, usimutie dukani. Nakuomba jambo hilo moja tu. Mukatalie hata akisema mwenyewe kwamba hawezi, kwa sababu maneno hayo nilimutia mimi kinywani.

Na nikwambie ukweli hadi mwisho, maana nusu ya ukweli ndiyo niliyokuwa nakupa mwaka muzima. Sijapona. Jana Nsanzimana alisema mipango ya Sylvie ni safi kuliko yake mwenyewe, hatageuza hata kimoja. Palepale wivu ulinirudia, ule ule. Nilimujibu, “Ndiyo, ni kazi yake,” na sauti yangu ilitoka vizuri, lakini niliisikia nafsi yangu. Kwa hiyo akirudi Goma, asifikie kwangu. Masista wa parokia wana chumba kwa wasichana wa shule, nimekwisha kuwauliza, wako tayari kumupokea. Chumba chake hapa ni safi na kitanda kiko, na ningependa kumusikia tena akiimba uani. Lakini usinipe mutoto wako, yaya. Usinipe hadi mimi nikwambie.

Musalimie shemeji kwa niaba yangu, na umueleze kwa namna utakayoona inafaa. Wasalimie watoto wote, na mama Kavira wa kwaya, na mujomba kama bado anatembea hadi sokoni. Nimemupa mama Eugénie kilo mbili za sambaza kavu, ni zenu, hata kama hamutapenda kuzila kwa sasa. Sikuombi unijibu upesi. Wasingya, asante kwa kunisoma hadi hapa.

Mimi mudogo wako,
Micheline